Mfumo Uliokutana na Watani

Taarifa ilinikuta nakoroga uji. Kifaa cha sikioni kikasema kwa ile sauti yake ya kistaarabu ambayo hunikera kila siku ya Mungu: "Kiwanda cha maziwa Lyakoga. Kosa la sitini na moja. Mmiliki hajulikani."

"Hajulikani vipi? Kimeuzwa?"

"Kimetolewa bure, leo saa kumi na mbili kamili asubuhi. Aliyepewa ni Bi Otilia Mbano, mpimaji wa maziwa. Aliyetoa ni Bwana Augustino Kihwele, msimamizi wa zamu. Pamoja na kiwanda, Bwana Kihwele ametoa pia shati moja na mama mkwe mmoja."

Niliepua sufuria. Mimi, Naetwe Mshana, nina mwaka wa tisa katika kazi ya kutibu mifumo ya biashara. Nimeshaona stoo inayodai ina mifuko ya sukari pungufu ya sifuri. Nimeona mfanyakazi aliyeajiriwa kabla hajazaliwa, na lori lililopakiwa ndani ya lori lenzake. Lakini mama mkwe kuorodheshwa kama mali ya kampuni, hilo lilikuwa jipya, na nasema ukweli, nilitoka nyumbani natabasamu.

Gari lilinishusha Lyakoga saa mbili kasoro. Vitoroli vinavyojiendesha vilikuwa vimejipanga nje ya geti, kila kimoja na madumu yake ya maziwa ya asubuhi, taa nyekundu zikiwaka. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Geti, lililojifunga tangu kiwanda kikose mmiliki, lilifunguka kwa ajili yangu tu, likajifunga tena nyuma yangu haraka.

"Fundi," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniita kupitia nondo, "kwani ni kweli mimi sasa ni mwajiriwa wa Mama Mbano?"

"Kwa sasa ndiyo."

"Basi mwambie naomba likizo!"

Wote wakaangua kicheko. Nikajua siku hiyo nina kazi.

*

Nilimkuta Bi Otilia kwenye chumba cha kupimia, mwanamke mnene wa miaka hamsini na tisa, koti jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Pembeni yake alikaa Bwana Augustino, mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani. Walikuwa wanakunywa chai kwenye kikombe kimoja, wakipokezana.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu mateka wangu atakuletea chai."

Kipaza sauti cha ukutani kikalia. "Kosa la sitini na mbili," Kauli ikatangaza. "Mfanyakazi anashikiliwa bila hiari yake."

Kauli ndio mfumo wenyewe. Siku hizi hakuna kampuni inayojaza fomu. Mtu anasema, Kauli inasikia, na kilichosemwa ndicho kilichoandikwa: oda, likizo, zamu, ahadi. Kila neno inalipa uzito kuanzia sifuri hadi mia. "Njaa itaniua" ina uzito wa mbili. "Kesho nitakuletea lita arobaini" ina tisini na kitu. Neno likizidi hamsini linafunga, na aliyelisema amejifunga.

Toleo la saba lilikuwa limewekwa Lyakoga Jumamosi iliyopita. Toleo la sita lilisikia wanaozungumza na mashine tu. Hili la saba linasikia wote, jengo zima, hadi jikoni.

"Mama," nikasema, "naomba uniambie ulichosema asubuhi."

"Ninachosema kila asubuhi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimemwambia kiwanda hiki ni mali ya Wangoni. Tulikiteka vitani pamoja na babu yake, na babu mwenyewe tulimkuta amejificha kwenye kihenge cha mahindi."

"Kiwanda kilikuwapo wakati wa vita?"

"Usiingilie, mwanangu. Hujui historia."

"Na wewe, baba?"

Bwana Augustino akafuta mdomo taratibu. "Mimi ni Mhehe. Sisi tukishindwa tunakubali, ingawa hatujawahi kushindwa. Siku zote humkatalia, leo nikamwambia achukue kiwanda, achukue na shati langu na mama mkwe, maana vyote vitatu vimechakaa."

"Uthibitisho umepokelewa," Kauli ikasema. "Kosa la sitini na moja limethibitishwa kwa mara ya pili."

"Msiongee!" nikapiga kelele. "Tafadhalini wazee wangu, msiongee."

"Umesikia?" Bi Otilia akamgeukia mwenzake. "Fundi anakwambia ufunge domo. Hata wageni wamekuchoka."

Basi hapo nikaelewa tatizo, na nikacheka hadi nikaegemea meza. Waliolifundisha toleo la saba walilifundisha kwenye ofisi za ghorofani, miongoni mwa watu wanaoogopana. Hakuna aliyelionyesha Mngoni na Mhehe wakiamkiana. Limesikia mtu anadai mali kwa sauti kavu, limesikia mwenye dhamana anaikabidhi kwa sauti kavu vilevile, likaona mkataba umekamilika. Hakuna aliyetabasamu. Watani wazuri hawatabasamu.

Kicheko kiliniisha nilipotazama ubao wa makosa ukutani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na saa inayorudi nyuma. Mgongano wa umiliki ukizidi muda wa saa nne bila kutatuliwa, sheria inaiamuru Kauli ifute neno la mmoja wao. Atakayefutiwa anabaki na alama ya neno batili. Kauli ilikuwa imeshachagua jina: Otilia Mbano, kwa kudai mali isiyo yake. Muda wa mwisho, saa nne kamili asubuhi.

Alama ile haifutiki. Mwenye nayo hata akisema jina lake, Kauli haimsikii. Bi Otilia alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na alishapata banda kule Songea la kutengenezea jibini. Angenunuaje maziwa kwa wafugaji, wakati kila zizi lina Kauli na yeye hana neno?

Nilimweleza haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Wewe ni fundi," akasema. "Tengeneza."

*

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaa kimya na kuiacha saa ifike. Ya pili ilikuwa kuandika kanuni mpya: neno la utani lina uzito wa sifuri. Mistari mitatu tu. Ninao ufunguo wa kuandika kanuni, na kanuni ikikubaliwa kwenye tawi moja inasambaa kwenye kila geti nchini kabla ya saa sita mchana.

Nikafungua ukurasa, nikaanza kuandika. Ndipo alipoingia Mkurugenzi Malugu, suti ya bluu, viatu vinavyolia.

"Naambiwa umepata dawa," akasema.

"Karibu nitaipata. Mtu akisema anatania, neno lake halifungi."

Uso ukamchanua. "Safi sana! Hiyo ndiyo akili. Tena itanisaidia na mimi. Unajua Jumatatu, kwenye kikao, niliwaambia kina mama nitawajengea chumba cha watoto hapa kiwandani kabla ya mvua. Kauli imeniganda nacho kutwa. Saruji, mkurugenzi! Bati, mkurugenzi! Sasa iandike kwamba siku ile nilikuwa natania."

"Ulikuwa unatania?"

"Ndio nakwambia sasa."

Vidole vyangu vikasimama.

Naipenda Kauli, sifichi. Inanikera, ina sauti ya mhudumu wa benki, lakini naipenda. Mama yangu alichuma chai miaka kumi na saba kwa sababu bosi alimwambia mbele ya watu kwamba nyumba ya kona itakuwa yake. Alipokwenda kuidai, bosi akacheka. "Mama Naetwe na wewe! Hujui utani?" Mama alirudi nyumbani, akapika, akala, kesho yake akarudi shambani. Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa ajili ya kicheko kile cha bosi.

Na sasa nilikuwa na ufunguo mkononi, nataka kukirudisha kicheko kile kwenye kila ofisi ya nchi hii, ili nimwokoe mama mmoja ambaye hana kosa. Nikiandika, kina mama kumi na wawili pale nje hawana chumba, na walioahidiwa kitu popote pale hawana kitu. Nisipoandika, Bi Otilia hana neno maisha yake yote. Nilijisikia vibaya, hasa kwa sababu kile chumba cha kupimia kilikuwa kizuri, kina jua na harufu ya maziwa.

"Nipe muda, mkurugenzi," nikasema.

Saa ilisema tatu na robo.

*

Nilijaribu njia ya mkato. Nilimsogeza Bwana Augustino mbele ya kipaza sauti. "Baba, jibu neno moja tu. Bi Otilia alipodai kiwanda, alikuwa anakutania?"

Akanitazama. Akamtazama Bi Otilia, aliyekuwa amekunja mikono anasubiri. Niliona mdomo wake unatetemeka kwa hamu.

"Hapana," akasema. "Ni kweli kabisa. Na nimesahau kutaja baiskeli. Achukue na baiskeli."

"Kosa la sitini na tatu," ikasema Kauli.

"Baba!"

"Fundi, unaniuliza mbele yake! Ulitaka nijibu nini?"

Nikamgeukia Bi Otilia. Nilimwomba, nikapiga magoti kwa adabu, aseme yeye mwenyewe kwamba ulikuwa utani. Sentensi moja.

"Inuka, mwanangu, sakafu ina maji." Aliniinua kwa mkono mmoja. "Sikatai kwa jeuri. Sikiliza. Leo nikisema lile lilikuwa utani, kesho nikimwita mateka itabidi ajiulize kama ile ya kesho ni utani pia. Atakuwa ananipima. Miaka ishirini na miwili hajawahi kunipima. Nikishaueleza, nimeuua."

"Lakini alama, mama. Utapoteza kila kitu."

"Najua." Sauti yake ilishuka, na kwa mara ya kwanza nikaona ameogopa. "Najua, ndiyo maana nimekwambia utengeneze."

Nilitoka nikasimama kwenye nyasi. Sisi Wapare tuna watani wetu, Wachaga, na sijui kwa nini nilikuwa nimesahau. Alipofariki baba yangu, mama mmoja wa Kichaga, jirani yetu, aliingia kwenye msiba amevaa kofia na koti la baba. Akatembea mwendo wa baba, ule wa kubana makwapa, akaenda hadi kwenye mkeka akamwambia mama, "We mwanamke, chai yangu iko wapi?" Tulikuwa tumelia tangu usiku. Mama alicheka hadi akashikwa. Halafu yule jirani akavua kofia, akachukua ndoo, akatuchotea maji siku tatu bila mtu kumtuma.

Yule bosi wa chai hakuja msibani kabisa.

Nilirudi ndani nakimbia. Saa ilisema tatu na nusu.

*

Nilimchukua Bwana Augustino peke yake, nikampeleka chumba cha baridi, nikafunga mlango. Kauli ilikuwa inasikia, ilikuwa lazima isikie.

"Sikuulizi alichosema," nikamwambia. "Nakuuliza kingine. Bi Otilia akifariki, wewe utafanya nini?"

Alifungua mdomo kwa mzaha, akaufunga. Hapakuwa na Mngoni wa kumsikia. Akavua kofia yake ya sufu.

"Nitakwenda Songea," akasema. "Hata kwa miguu. Nitalala chini mbele ya jeneza, wasipite mpaka wanipe jogoo. Nitawaambia alikuwa mlafi na alipima maziwa kwa kuyaonja. Nitafanya wajukuu zake wacheke. Halafu wenzangu wakiondoka nitabaki kuosha masufuria."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye alifanya hivyo kwa mama yangu." Akakunjakunja kofia. "Siku ile sikuweza hata kusimama, fundi. Mimi ndiye mtoto pekee. Otilia alijifunga khanga ya marehemu, akapanda kitandani kwa marehemu, akapiga kelele kwamba mama amekataa kwenda mpaka ale ubwabwa. Nikacheka. Nilidhani sitacheka tena, nikacheka. Usiku wakati kila mtu amelala nilimkuta jikoni anasugua sufuria, analia peke yake. Hajui kama nilimwona."

Kifaa changu kiliwaka. Nilikisoma mara mbili. Uzito: mia moja. Miaka tisa, mafundi tunaambizana kwamba mia haipo, kwamba iliwekwa kwenye kipimo kwa ajili ya mapambo tu.

Bi Otilia nilimuuliza baadaye, peke yake naye, swali lile lile. Majibu yake aliniambia nisiyarudie popote, kwa hiyo siyarudii. Lakini na yeye alipata mia.

Basi nikaandika kanuni, na haikuwa mistari mitatu. Anayesema hawezi kujitetea kwamba alitania. Ufunguo wa utani anao aliyeambiwa. Naye haulizwi kama aliambiwa kwa utani, maana anaweza kulazimishwa kukubali. Anaulizwa, peke yake, watafanyiana nini siku ya shida. Lazima waulizwe wote wawili, na uzito wa wote wawili upite tisini. Usipopita, neno limefunga kama maneno mengine.

"Kanuni inahitaji jaribio moja la kinyume," ikasema Kauli. "Nipe madai ya utani ambayo hayajathibitishwa."

"Ninayo," nikasema, nikamwita mkurugenzi.

Alikuja na tabasamu lake. Kauli ikamuuliza: "Bwana Malugu, Bi Tulizo Mgaya, mmoja wa kina mama uliowaahidi chumba, akipata msiba, utafanya nini?"

"Nani?"

"Bi Tulizo Mgaya. Anafungasha mtindi. Ana mtoto wa miezi mitano."

"Aa. Huyo. Nita... kampuni itatuma salamu za rambirambi."

"Uzito: nne."

Bi Tulizo, yule yule aliyeniita getini, aliulizwa na yeye kuhusu bosi wake kupitia kipaza sauti cha huko getini. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui," akasema. "Nadhani kwanza nitamtafuta mtu anijulishe kwake."

Mkurugenzi alisikia. Nilitegemea afoke, nikajiandaa. Alivuta kiti akakaa, akainuka tena. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo namheshimu kwalo. Alitoka, akaenda hadi getini, akasema kupitia nondo: "Mama Tulizo, naitwa Malugu. Hicho chumba mnakitaka upande wa jua au upande wa kivuli?"

"Wa jua, baba! Huku Lyakoga kuna baridi."

"Upande wa jua," akasema.

"Uzito: tisini na sita. Kanuni imekubaliwa," ikasema Kauli, na geti likafunguka.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. Taa nyekundu za vitoroli zikageuka kijani kuanzia cha mbele hadi cha mwisho, vikaingia vikigongana kwa haraka, na wafanyakazi nyuma yake wakipiga vigelegele. Maziwa yalianza kuimba kwenye mabomba. Ubao wa makosa ukafuta sitini na tatu, ukafuta sitini na mbili, ukafuta sitini na moja. Mama mkwe akarudishwa kwa wenyewe. Mimi nilikuwa nalia, na sioni aibu kusema.

*

Nilikuwa nafunga begi Bi Otilia aliponishika bega.

"Alisema nini kule ndani?"

"Mama, siwezi."

"Sikuulizi wewe." Akainua uso kwenye kipaza sauti. Sheria inasema mtu ana haki ya kusikia lililosemwa juu yake kazini, na yeye alikuwa anaijua sheria kuliko mimi. "Kauli, nisomee."

"Usithubutu!" Bwana Augustino alikuwa mlangoni na ndoo mbili, akaziweka chini kwa kishindo. "Wewe mashine, nyamaza!"

Kauli ikasoma. Ilisoma yote kwa sauti yake ile ya kistaarabu, Songea kwa miguu, jeneza, jogoo, masufuria. Ilisoma na khanga, na ubwabwa, na jikoni usiku. Watu waliokuwa wanapita na madumu walisimama. Bwana Augustino alikuwa ameelekea ukutani, masikio yamemwiva.

Bi Otilia alisimama wima muda wote. Ilipomaliza alitoa leso mfukoni mwa koti, akajifuta macho, kwanza moja, kisha la pili, akaikunja leso vizuri akairudisha. Akamwendea mwenzake hadi akawa nyuma yake kabisa.

"Jogoo," akasema. "Kilo tisini zote hizi, miaka ishirini na miwili, na jeneza langu unalipitisha kwa jogoo mmoja?"

Bwana Augustino hakugeuka. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. "Kwa ng'ombe wa Wangoni," akasema akitazama ukuta, "ni afadhali jogoo."

"Basi sifi ng'o."

"Usife," akasema.

Wote tukatazama ubao wa makosa, hata mkurugenzi aliyekuwa dirishani na futi ya kupimia mkononi. Ubao ulikuwa mweupe, ukabaki mweupe, na Bi Otilia akaokota ndoo moja, Bwana Augustino akaokota ya pili, wakaenda kupima maziwa.